Kuvuka Kukuu Kwapigwa Picha Upya

Nchi ninayotaka kuisimulia haina haja ya kutajwa jina. Iko mbali na kwenu, mbali sana, na mkiona mtu wa huko anafanana na mtu mnayemfahamu, basi semeni duniani wawili wawili, mwendelee kunisikiliza.

Nchi hiyo ilikatwa katikati na mto. Upande mmoja uliitwa Huku na wa pili uliitwa Kule. Huku palikuwa na Serikali, hospitali, taa za barabarani na sanamu. Kule palikuwa na wananchi. Kule pia palikuwa na zahanati, tena nzuri, yenye kibao na kufuli.

Kuunganisha pande hizo kulikuwa na pantoni ya Serikali, MV Uthabiti, iliyokuwa imelala matopeni ikingojea nati kutoka nje. Nati ilikuwa njiani. Ilianza kuwa njiani wakati Waziri wa Vivuko bado ana nywele. Nahodha alifika kazini kila asubuhi, akapiga honi, kisha akashuka kwenda kunywa chai, na kila mwisho wa mwaka Wizara iliutangazia umma kwa fahari kwamba, kwa mwaka mwingine tena, hakuna pantoni ya Serikali iliyozama. Watu wa Kule walivuka kwa mitumbwi, wakipishana na viboko. Wale ambao hawakufika ng'ambo waliingizwa katika takwimu kama abiria walioghairi safari.

Katika chumba cha chini kabisa cha jengo la Wizara hiyo alifanya kazi Siwema Ndimbwa, Mhifadhi wa Picha za Mivuko. Alizaliwa Kule, akasomea Huku, na kazi ile alipewa kwa sababu wakubwa waliamini kwamba mtu wa Kule hawezi kuharibu kitu kilichokwisha kupita. Siwema aliipenda kazi yake kuliko alivyothubutu kusema. Alikuwa na picha za mto ule tangu enzi za wakoloni: mitumbwi iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao ivushe gari la Bwana Mkubwa, huku mwenyewe Bwana Mkubwa amebebwa mabegani asilowe viatu; bibi harusi ameketi juu ya sanduku lake katikati ya maji, amefunikwa gubigubi, na wapiga ngoma wamemzunguka; baiskeli zimelazwa kama samaki waliovuliwa. Na katika kila picha, ya zamani na ya juzi, pembeni kabisa kulikuwa na watu wamekaa ukingoni, mkono shavuni, wakingoja.

Watu hao wa pembeni walimgusa zaidi, kwa kuwa mdogo wake, Stumai, aliwahi kungoja hivyo. Mimba ya kwanza ya Stumai iliishia palepale gatini upande wa Kule, baada ya mtumbwi kukosekana, na mtoto akazikwa bila kupewa jina. Sasa Stumai alikuwa mjamzito tena. Siwema alimpigia simu kila jioni kumsihi avuke mapema, akakae naye Huku. Stumai alijibu kwamba mwezi bado, mahindi yako shambani, na tumbo halina mguu wa kukimbilia.

*

Mambo yalianza Taifa lilipokaribia jubilii ya Kuvuka Kukuu. Mtoto yeyote wa nchi ile, hata ukimwamsha usingizini, angekusimulia jinsi Baba Mwasisi alivyotoka Kule kuja Huku kuichukua nchi mikononi mwa wakoloni: alisimama mbele ya kivuko bila kushika chochote, mto ukatulia, na mamba wakainamisha vichwa. Waziri wa Vivuko, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kitambaza, aliamua picha ya tukio hilo ichapishwe iwe kubwa kama nyumba na kutundikwa ukingoni. Akamwagiza Siwema aitafute.

Siwema aliitafuta akaipata, na alipoipata alitamani asingeipata. Akaipeleka juu kwa Waziri huku ameifunika kwa kanga, kama mtu anayepeleka chakula cha msiba.

Kivuko kilikuwapo pichani, na kamba, na wavuta kamba, na akina mama na kuku wao, na ng'ombe mmoja mwenye pembe moja. Baba Mwasisi naye alikuwapo. Alikuwa ameegemea ubavu wa ng'ombe, miguu ameinyoosha, mdomo wazi, amelala fofofo.

Waziri aliitazama kwa muda mrefu. Kwanza alisema Baba Mwasisi hasinzii, anatafakari. Mkurugenzi mmoja akanong'ona kwamba anayetafakari huwa hadondoshi ute. Waziri akaigeuza picha juu chini, labda upande ule ingekuwa afadhali, haikuwa. Mwishowe akaiweka mezani na kutoa tamko ambalo baadaye lilichongwa katika shaba mlangoni mwa Wizara.

"Tatizo si historia," alisema. "Historia yetu ni safi. Tatizo ni kwamba haikupigwa vizuri. Ipigwe tena."

*

Basi Serikali ambayo kwa miaka yote ilishindwa kupata nati ilijenga kivuko kizima kwa muda mfupi mno. Magogo yalikatwa, mitumbwi ikafungwa pamoja, mbao zikatandikwa, na kamba nene ya katani ikavutwa kutoka Huku hadi Kule. Mafundi walitolewa Kule, kwa kuwa Huku mafundi wote walikuwa wamekwisha kuwa washauri. Ng'ombe mwenye pembe moja alitafutwa nchi nzima. Alipopatikana alifungwa shingoni kitambulisho kilichoandikwa MGENI MWALIKWA, akawa anapigiwa saluti getini.

Likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, Wakurugenzi hata kidogo. Kivuko kilivuka.

Hakikuhitaji nati. Watu walivuta kamba, nacho kikaenda. Walipovuta upande wa pili, kikarudi. Wakurugenzi walisimama gatini wakikitazama kwa chuki, kama mke mkubwa anavyomtazama bi harusi mpya, mpaka Waziri alipowatuliza kwa waraka: chombo kile si usafiri, ni kumbukumbu, na hakuna mtu wa sasa mwenye ruhusa ya kukipanda. Watakaopanda ni abiria wa kihistoria tu.

Siwema ndiye aliyepewa kazi ya kuwakagua abiria hao kule Kule. Sharti lilikuwa moja: mtu afanane na wa pichani. Ndala marufuku, madumu ya plastiki marufuku, simu marufuku. Asubuhi ya kwanza ya majaribio Siwema alivushwa hadi gati la Kule akitarajia watu wachache wenye udadisi. Alikuta kijiji kizima kimerudi nyuma miaka sitini. Akina mama walikuwa wamevaa kaniki za bibi zao. Wanaume walivaa mashuka yaliyofungwa begani. Mzee mmoja mwenye jino bovu, aliyekuwa anatafuta njia ya kwenda hospitali tangu masika, alikuwa amekata suruali yake magotini, na alipoulizwa jina alijibu kwa sauti ya kale kwamba yeye ni raia wa Malkia.

Siwema aliwatazama. Akamtazama askari wa Wizara aliyesimama na nakala ya picha. Kisha akasema kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu, wote hawa ni wa zamani kabisa.

Picha ilipigwa na Bwana Nongwa, mpiga picha wa Serikali, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi chini ya kitambaa cheusi na kamera yake ya miguu mitatu. Kivuko kilipofika katikati ya mto alibofya, kikafika Huku, abiria wakashuka. Mzee wa jino akashika njia ya hospitali bila kugeuka. Akina mama waliingia sokoni na mahindi yao ya kihistoria. Siwema alipowaona wanapotelea mtaani alipata wazo, ingawa hakuwa mtu wa mawazo ya namna hiyo. Alimwambia Bwana Nongwa, kwa sauti ambayo askari angeisikia, kwamba kwa bahati mbaya picha haifai. Katika ile ya asili kulikuwa na wingu upande wa kushoto.

Bwana Nongwa alitoa kichwa chini ya kitambaa, akamtazama, akaangalia watu waliobaki ukingoni Kule. "Kweli," alisema. "Wingu halipo." Akarudi chini ya kitambaa chake.

Basi ikapigwa tena. Mara ya pili wingu lilikuwapo lakini ng'ombe alitazama mashariki. Safari nyingine kuku walikuwa wa kisasa. Siku moja mto wenyewe ulionekana mpya. Kila kasoro ilikuwa safari, na kila safari ilikuwa watu, na Wizara, ambayo haikuwahi kuona ofisa anayejali ukweli wa historia kiasi kile, ilimpa Siwema cheti. Watoto wa Kule walianza kupata chanjo. Mahindi yalishuka bei Huku. Kijana mmoja alioa ng'ambo akarudi na mkewe katika safari moja, mke akiwa amejifanya mzigo.

Kila jioni Siwema alimwambia mdogo wake apande. Stumai alicheka, akasema wiki ijayo, maana kivuko kipo.

*

Siku ya jubilii ilifika wakati Siwema hakuwa amejiandaa, na Waziri alikuwa amejiandaa kupita kiasi. Alikuwa ameamua kwamba Baba Mwasisi ataigizwa na yeye mwenyewe. Alivushwa hadi Kule, akapanda mbele ya kivuko na fimbo mkononi, kifua kimetokeza, kidole kimeelekezwa Huku, na hakufumba hata jicho moja tangu ukingo hadi ukingo, ili isije ikasemwa. Bwana Nongwa akabofya. Bendi ikapiga. Wageni walioketi chini ya maturubai wakapiga makofi.

Siwema alikaribia kusema habari za wingu, lakini Waziri hakuuliza. Alishuka akatangaza kwamba picha imekamilika, historia imefungwa, na sasa kamba itakatwa kwa heshima ili kivuko kipelekwe makumbusho kisichakae kwa kutumiwa. Shoka lenye utepe lililetwa juu ya mto wa hariri.

Wakati huohuo simu ya Siwema ikatetemeka mkobani. Alikuwa mama mkwe wa Stumai. Alisema chupa imepasuka, kabla ya wakati wake. Wamembeba mpaka gatini, amelazwa kwenye mkeka, na mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, bila hospitali hataweza. Nyuma ya sauti ile Siwema alimsikia mdogo wake akilia kwa meno yaliyofungwa. Alitazama ng'ambo. Kulikuwa na watu wamekaa ukingoni, mkono shavuni.

Hakukumbuka alivyofika mbele ya jukwaa. Alichokumbuka ni kwamba kwanza alisema ukweli: kuna mjamzito Kule, apewe kivuko mara moja tu. Waziri alimjibu kwa upole wa baba. Alisema anamhurumia sana mama huyo, lakini katika picha ya Baba Mwasisi hakuna mjamzito, na Serikali haiwezi kughushi historia kwa ajili ya mtu mmoja. Mwenye shoka akatema mate viganjani.

Siwema alivuta pumzi. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuisingizia picha jambo zito. Mawingu, ndiyo.

"Mheshimiwa," alisema, "Baba Mwasisi alivuka kutoka Kule. Je, huko Kule alifikaje?"

Waziri alisema alizaliwa huko, kila mtu anajua.

"Alizaliwa huko na nani? Mama yake alikuwa mtu wa Huku. Aliolewa Kule, akapata mimba, akavuka akiwa na Baba Mwasisi tumboni kuja kuwaaga wazee wake kabla ya kurudi Kule kujifungua. Huko ndiko Kuvuka Kukuu kwa kwanza, Mheshimiwa. Taifa zima lilivuka likiwa tumboni. Na hakujawahi kupigwa picha na mtu yeyote."

Wakurugenzi walitazamana, hakuna aliyewahi kusikia habari hiyo, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukiri kwamba hakuwahi kuisikia. Mmoja akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema bibi yake alikuwa akiisimulia. Mwingine akasema kwao inajulikana sana.

Bwana Nongwa akatoa kichwa chini ya kitambaa. "Mwanga ni mzuri," alisema. "Lakini hautakaa."

Macho ya Waziri yalilowa. Alijiona ndani ya fremu mbili badala ya moja. Akalisukuma shoka pembeni, akauliza huyo Mama wa Taifa yuko wapi, na kwa nini anangojeshwa.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba wavuta kamba hawapo. Walikuwa wameachiliwa kwenda kula pilau nyuma ya maturubai ya mbali, na pilau la Serikali huliwa mara moja kwa jubilii. Siwema hakungoja waitwe. Alitangaza kwamba siku ile ya Mama wa Mwasisi kamba ilivutwa na waheshimiwa watupu, kwa kuwa mkono wa mtu wa kawaida haukustahili. Alishangaa mwenyewe jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi mara tu ulipokuwa na kazi ya kufanya.

Hivyo ndivyo Idara zote za Wizara ya Vivuko, kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake, zilivyovusha kitu. Mkurugenzi wa Mipango alishika kamba kinyumenyume. Mkurugenzi wa Usalama wa Majini alipoteza kiatu, akakililia. Mwanasheria alitaka kwanza kujua ni nani atawajibika, akasukumwa mbele. Tai zililegea, majasho yakachuruzika, ndimi zikatoka nje, na kivuko kikaenda, kimewabeba pia Waziri, Siwema, ofisa wa itifaki na bendi nzima.

Kule walimpandisha Stumai na mkeka wake. Ofisa wa itifaki alitatizika: je, Mwasisi aliyeko tumboni anapigiwa saluti, au saluti hungoja kuzaliwa? Bendi ilikata shauri kwa kupiga wimbo wa Taifa, na watu wa Kule wakasimama wima, wengine wakilia kwa sababu zao. Waziri alipiga magoti kando ya mkeka akampepea mzazi kwa kofia yake ya sherehe.

Stumai alifumbua macho kati ya uchungu mmoja na mwingine. Aliona suti zilizokuwa zinavuta kamba.

"Dada, hawa ni akina nani?"

"Ni Wizara," alisema Siwema, akimfuta jasho.

Stumai aliwatazama tena. "Kumbe wanaweza," alisema, kisha uchungu ukamrudia akaushika mkono wa Waziri, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, akaukaza mpaka Mheshimiwa akamtaja mama yake kwa jina.

Bwana Nongwa alibofya.

*

Mtoto alizaliwa salama, hospitalini Huku, jua likiwa bado juu. Waziri alikuwa mlangoni, mkono umefungwa bendeji, tayari kwa hotuba. Muuguzi alitoka akamwambia ni msichana. Waziri aliuliza kama ana hakika. Muuguzi alisema mambo hayo huwa hayana utata mwingi. Washauri wakajitenga kando ya ukuta wakajadiliana kwa minong'ono iwapo Baba wa Taifa anaweza kuanza kama binti, wakaona ni heri tukio zima liwe halikutokea.

Lilikuwa limechelewa kutotokea. Picha ya Bwana Nongwa ilichapishwa kesho yake, sijui na nani, maana mwenyewe alikuwa chini ya kitambaa: Wakurugenzi wenye ndimi nje, kiatu kinachoelea, Waziri aliyepiga magoti akipiga yowe, na katikati yao mwanamke kwenye mkeka, mtulivu kuliko wote. Nchi nzima ilicheka kwa mara ya kwanza bila kibali. Serikali ilikanusha picha, kisha ikakanusha mto. Kamba ilikatwa siku ya pili yake, bila utepe, na kivuko kikapelekwa makumbusho, kikazungushiwa uzio na kuandikwa USIGUSE.

Siwema aliitwa juu. Waziri hakupaza sauti. Alisema Taifa linathamini mchango wake na kwa hiyo anahamishiwa Kule, kufungua ofisi ya picha, mara moja na milele. Kwa maofisa wa Huku adhabu hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa. Wenzake walikuja kumuaga mmoja mmoja, wakiongea kwa sauti za chini, na mmoja alimletea ubani.

Aliposhuka gatini na masanduku yake, akiwa na Stumai aliyembeba mtoto mgongoni, hakujua atavuka vipi. Alikuwa amejiandaa kwa mtumbwi na viboko. Lakini mafundi waliotolewa Kule kujenga kumbukumbu ya Serikali walikuwa wamerudi kwao na mikono yao, na mikono haikuwa imepelekwa makumbusho. Kivuko kipya kilikuwa kinakuja katikati ya maji, kipana zaidi, hakina ng'ombe mwalikwa, kimejaa magunia, ndala na madumu ya plastiki. Polisi walikwisha kufika mara mbili kuuliza kibali chake. Mara zote mbili waliambiwa kwamba si kivuko, ni picha, ila bado haijapigwa. Nao, kwa kuwa waraka ulikataza vivuko lakini haukusema chochote juu ya picha ambazo hazijapigwa, waliandika hivyo wakavuka kwenda kununua samaki.

Siwema alipanda. Alitafuta mahali pa kukaa kati ya baiskeli na gunia la dagaa, akayaweka masanduku ya picha miguuni yasilowe. Stumai alikuwa akimnyonyesha mtoto, akizungumza na jirani kuhusu bei ya mahindi. Mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yao, na hakuna aliyempigia saluti.

Mvuta kamba, mama mmoja mnene mwenye kilemba, alimwangalia Siwema aliyeketi amefumbata mikono juu ya mapaja kama mgeni wa jukwaani.

"Hapa kila mtu anavuta, bibie," alimwambia.

Siwema alivua viatu, akainuka, akaishika kamba. Ilikuwa imelowa na ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana katika picha zote alizowahi kuhifadhi. Akavuta.